Kufungua Mgahawa Ufukweni Tanga: Mambo ya Ardhi ya Kumaliza Kabla ya Kumwita Fundi

Mara kwa mara hunijia vijana, na wakati mwingine wastaafu waliokwisha kupokea mafao yao, wakitaka ushauri kuhusu kufungua mgahawa kando ya bahari hapa Tanga, hasa upande wa Raskazone na Sahare ambako boti hutia nanga na watu hupenda kupunga upepo jioni. Maswali yao ya kwanza huwa ni ya mtaji, mpishi na bei ya samaki. Nimeshughulika na biashara hii kwa miaka mingi, kwanza nikiwa msimamizi wa mgahawa wa mtu mwingine na baadaye katika mgahawa wa familia yetu, na kila mara huwaomba tuanze na swali jingine: eneo unalolitaka limepangiwa matumizi gani, na kila hatua yake, kuanzia barabarani hadi majini, ni ya nani? Nimeona migahawa iliyokuwa ikipika vizuri na kupata wateja ikifungwa kwa sababu swali hilo liliulizwa baada ya makuti kuezekwa.

Ukisimama barabarani ukatazama bahari unaona mahali pamoja tu. Kisheria hapo pana vipande kadhaa vilivyofuatana, na kila kimoja kina msimamizi wake. Cha kwanza ni hifadhi ya barabara, ambayo kwa barabara nyingi za mitaa yetu iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na ambayo watu huigeuza maegesho ya magari ya wateja bila kumwuliza mtu. Kinafuata kiwanja chenyewe, chenye hati na masharti yake. Baada ya kiwanja, au wakati mwingine ndani yake, uko ukanda wa ufukwe unaolindwa na sheria ya mazingira. Mwisho ni mchanga unaofunikwa na maji na bahari yenyewe, ambako utakutana na mamlaka ya bandari na watu wa hifadhi ya bahari. Mwenye kukupangisha huwa na haki juu ya kipande kimoja tu kati ya hivyo, ingawa mkono wake utakuonyesha mpaka kule yanakoelea mashua.

Tuanze na kiwanja. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inazifanya halmashauri za majiji, manispaa na miji kuwa mamlaka za upangaji, na inakataza kuendeleza ardhi ya mjini bila kibali cha mamlaka hiyo. Kila kiwanja kilichopimwa kina matumizi yaliyoandikwa: makazi, makazi na biashara, biashara, taasisi, eneo la wazi na kadhalika. Viwanja vingi vya upande wa bahari vilianza kama viwanja vya makazi, vyenye nyumba kubwa na bustani pana, na ndiyo maana vinawavutia wenye migahawa. Mwenye nyumba mmoja alipotaka kutupangisha, alituhakikishia kwamba hapana tatizo lolote kwa kuwa jirani yake naye alikuwa akiuza chakula. Tulimwomba nakala ya hati. Kwenye sehemu ya matumizi palikuwa na neno moja tu, makazi, na kodi ya pango la ardhi ilikuwa haijalipwa kwa muda mrefu. Tulimshukuru tukaondoka. Aliyepanga baada yetu aliwekewa zuio la halmashauri akiwa ameshajenga jiko, na fedha yake ya pango hakurudishiwa.

Kwa hiyo usiishie kuamini nakala ya hati unayoonyeshwa mkononi. Nenda ofisi ya mipango miji ya Jiji ukiwa na namba ya kiwanja na kitalu, uombe kuonyeshwa mchoro wa mipango miji wa eneo hilo, kisha uulize kama kuna mpango mpya unaoandaliwa. Swali hilo la mwisho watu hulisahau, nalo kwa Tanga lina uzito. Bandari yetu imepanuliwa, gati mbili zenye jumla ya mita 450 zimeboreshwa na kina kimechimbwa hadi mita 13, kiasi kwamba meli ambazo zamani zilishushiwa mizigo nangani kwa matishari sasa hufunga gatini. Jiji linalopokea meli kubwa hupanga upya barabara zake, maghala yake na ufukwe wake, na mahali palipokuwa pametulia miaka 10 iliyopita huenda pamewekwa kwenye mpango wa shughuli nyingine kabisa.

Ikiwa matumizi ni makazi na bado unalitaka eneo, njia halali ni kuomba kubadilisha matumizi. Anayeomba ni mwenye hati, wala si mpangaji, kwa hiyo makubaliano naye yawe yameandikwa kabla hujatumia hata shilingi moja. Ombi hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Jiji likiambatana na nakala ya hati, stakabadhi za kodi ya ardhi, mchoro wa eneo na barua ya serikali ya mtaa. Tangazo la kusudio hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Maofisa huja kuliona eneo. Kisha jambo huingia kwenye kamati ya madiwani inayoshughulika na mipango miji kabla ya kwenda ngazi ya juu. Kamati hazikai kila wiki. Ukikosa kikao kimoja kwa sababu ya karatasi moja iliyopungua, unasubiri kingine huku pango likiendelea kuhesabiwa, na ndiyo maana nawasihi watu wasianze kulipa pango kamili kabla ya kibali kutoka. Kumbuka pia kwamba ardhi ya biashara hutozwa kodi kubwa kuliko ya makazi, na mkataba useme wazi ni nani atakayebeba nyongeza hiyo.

Pingamizi za majirani nimeziona zikiua maombi mazuri. Watu wa mtaa hawachukii mgahawa. Wanachokiogopa ni muziki wa usiku, moshi wa mkaa na magari yanayoziba mageti yao. Nenda kwao mapema, ukiwa na mwenyekiti wa mtaa, ukawaeleze saa za kufunga na mahali magari yatakapokaa. Ukimkuta mzee mwenye nyumba jirani, kaa naye barazani umsikilize mpaka amalize, maana sahihi ya mzee huyo ina nguvu kuliko barua ya wakili.

Sasa tuje kwenye mita 60, ambazo kila mtu amezisikia na wengi huzielewa wanavyopenda wenyewe. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 kinakataza, ndani ya mita 60, shughuli za binadamu zenye asili ya kudumu au zinazoweza kuathiri hifadhi ya fukwe za bahari, maziwa na kingo za mito. Hoja ninayoisikia mara nyingi ni kwamba banda la miti na makuti si la kudumu, kwa hiyo haliguswi. Sishauri mtu aweke mtaji wake juu ya hoja hiyo. Soma tena maneno ya kifungu: kuna la kudumu, na kuna linaloweza kuathiri. Banda la makuti lenye sakafu ya zege, choo, karo la maji taka na jenereta linagusa yote mawili. Meza na miavuli inayotolewa asubuhi na kurudishwa stoo usiku ni jambo jingine, nalo pia liombewe ruhusa kwa maandishi.

Tatizo jingine ni pa kuanzia kupima. Siku tuliyotembea na mpima ardhi kwenye eneo letu, maji yalikuwa yametoka, na mwenye kiwanja alitaka futi kamba ianzie kwenye mawimbi, ambako ingempa nafasi kubwa ya kujenga. Mpima hakubishana naye. Alitembea juu ya mchanga hadi kwenye mstari wa mwani mkavu, vipande vya vifuu na taka zilizotupwa na bamvua iliyopita, yaani maji yanapojaa kupita kawaida, akachomeka kigingi hapo, kisha akaanza kuhesabu kuelekea barabarani. Mita 60 zikatupeleka nyuma ya mwembe tuliokuwa tumeupangia jiko. Ndipo tulipochora upya: jiko, vyoo na stoo vikarudi upande wa barabara, na upande wa bahari ukabaki mchanga, kivuli cha miti na meza za kubeba. Wateja waliendelea kula wakiitazama bahari. Nawe kapime siku ambayo alama ya bamvua bado iko wazi, karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, kabla mvua za masika au wafagiaji hawajaifuta.

Baadhi ya viwanja vya zamani vilipimwa kabla ya sheria hiyo, na mipaka yake inafika karibu kabisa na maji. Hati ya namna hiyo haikufungulii njia ya kujenga upya mpaka mwisho wa kiwanja. Omba kwa maandishi maelekezo ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, na uulize kama mradi wako unahitaji Tathmini ya Athari kwa Mazingira, kwa sababu jibu hutegemea ukubwa na mahali. Penye mikoko hapana mjadala: mikoko iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kukata hata michache ili wageni waione bahari vizuri ni kosa.

Wanaotaka mgahawa penye maegesho ya boti wana hatua moja zaidi. Gati la mbao, ngazi ya kushukia majini au maboya ya kufungia boti havihusiani na hati yako ya ardhi. Ndani ya eneo la bandari utahitaji idhini ya TPA, yaani mamlaka ya bandari, na boti zitakazobeba abiria wako kwenda Kisiwa cha Toten au kwingineko zinaangukia kwa TASAC, shirika linalosimamia vyombo vya majini. Aidha, tangu mwaka 2009 pwani yetu ina Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa kumlinda samaki yule wa kale aliyenaswa mara nyingi kwenye maji ya Tanga, na hifadhi hiyo ina watumishi wake na taratibu zake. Waulize mapema kama eneo lako limo.

Nasisitiza jambo la boti kwa sababu mipango ya fukwe, hapa kwetu na kwingineko duniani, hujengwa juu ya wazo moja: shughuli isiyoweza kufanyika pasipo maji ndiyo yenye haki ya kwanza ya kukaa majini. Mvuvi hawezi kuhamishia diko lake, mahali anaposhushia samaki, Makorora kule ndani ya mji; mgahawa unaweza. Mwaka 1987 wapiga kura wa Portland, mji wa bandari katika jimbo la Maine nchini Marekani, waliamua kusimamisha kwa miaka 5 ujenzi usiohusiana na shughuli za bahari kwenye ukanda wao wa maji, baada ya nyumba za fahari kuanza kuchukua nafasi za wavuvi. Sheria ya pwani ya California ya mwaka 1976 nayo inazipa kipaumbele shughuli zinazotegemea bahari. Katika halmashauri nyingi za huko mgahawa huruhusiwa kwenye maegesho ya boti kama huduma ya ziada, baada ya boti kupata nafasi zao na magari kuhesabiwa maegesho yake.

Kwa Tanga maana yake ni hii: usizibe njia ya wavuvi. Kama kuna njia ya mchanga wanayoitumia kuteremsha ngalawa au kupandisha vikapu vya samaki, iache wazi na uichore kwenye ramani yako ya maombi. Ongea na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, na mnunue samaki wao. Maombi yanayoonyesha njia hiyo husomwa kwa jicho jingine kabisa, na isitoshe ni haki yao. Walikuwapo hapo kabla yetu.

Kuhusu uendeshaji nitasema kwa kifupi. Afisa afya atataka kuona vyeti vya wahudumu, maji safi na mahali pa kunawia mikono, lakini ufukweni ataangalia zaidi maji ya jikoni yanakwenda wapi. Jenga shimo la kunasa mafuta na ulisafishe, kwa kuwa mafuta ya kukaangia yakifika mchangani harufu yake itawafukuza wateja kabla afisa hajafika. Muziki una kanuni zake za kelele za mwaka 2015, na mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Leseni ya biashara, Zimamoto, OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) na, kwa wanaouza pombe, leseni ya vileo ambayo huombwa peke yake, zote zinafuata baada ya suala la ardhi kukaa sawa, kwa kuwa karibu kila ofisi itauliza mahali pa biashara.

Mkataba wa pango nao uwe na kifungu kinachosema kwamba malipo kamili yataanza kibali cha matumizi kikishatoka, na kwamba kikikataliwa amana itarudi. Uambatanishe nakala ya ramani ya upimaji, na kabla ya kutia sahihi mtembee pamoja na mwenye kiwanja kutoka bikoni, yaani alama ya mpaka, hadi bikoni, mtendaji wa mtaa akiwapo. Nimeona bikoni zilizofukiwa na mchanga wa kusi na nyingine zilizong'olewa, na ni nafuu kumlipa mpima azirudishe leo kuliko kubomoa ukuta mwakani.