Kujaza oda milioni 10 za majaribio kwenye PostgreSQL

Mkuu, skripti yako ya kuingiza oda moja moja haitamaliza leo. Kila INSERT inakwenda hadi kwenye seva na kurudi, na kila moja ni muamala (transaction) wake unaosubiri kuandikwa kwenye diski. Achana na lupu, iachie hifadhidata izalishe yenyewe (hapa wateja wana id 1 hadi 100000):

INSERT INTO oda (mteja_id, kiasi, tarehe)
SELECT 1 + floor(100000 * power(random(), 3))::int,
round((random() * 50000)::numeric, 2),
timestamp '2023-01-01' + random() * interval '730 days'
FROM generate_series(1, 10000000);

Hiyo floor usiitoe. Ukigeuza kwa ::int peke yake namba inakadiriwa hadi namba kamili iliyo karibu, hivyo mara mojamoja utapata mteja 100001 ambaye hayupo. Nayo power inapindisha mgawanyo makusudi: nusu ya oda zinaangukia wateja 12,500 wa kwanza. Wateja wote wakilingana idadi ya oda, mpango wa utekelezaji (njia ambayo hifadhidata inachagua kutafuta data) utakaouona hautafanana na wa data halisi, kwa hiyo vipimo vyako ni bure.

Mtego unaonasa wengi ni huu: (SELECT id FROM wateja ORDER BY random() LIMIT 1) ndani ya SELECT. Haitegemei rekodi ya nje, hivyo PostgreSQL inaiendesha mara moja tu na oda zote milioni 10 zinakuwa za mteja mmoja. Ukiilazimisha iendeshwe kila rekodi, itapanga jedwali zima la wateja mara milioni 10. Kama id zina mapengo, wape wateja namba mfululizo kwa row_number() kwenye jedwali la muda, kisha unganisha (JOIN) oda nalo kwa namba hiyo.

Kabla ya kujaza, ondoa faharasa (index; ya ufunguo wa msingi, primary key, iache) na ufunguo wa kigeni (foreign key, unaohakikisha mteja wa oda yupo). Ufunguo huo hupanga foleni ya ukaguzi wa kila rekodi kwenye kumbukumbu, na kwa wingi huu seva inaweza kuishiwa kumbukumbu. Ukiurudisha baadaye, ukaguzi unafanyika kwa pamoja. Pandisha maintenance_work_mem (kumbukumbu inayotengwa kwa kazi kama hizi) kabla ya kujenga faharasa upya.

Ukimaliza, endesha VACUUM ANALYZE oda, inayosafisha jedwali na kusasisha takwimu zake. Kabla ya kupima chochote. Ukitaka data ileile kila mara, tanguliza SELECT setseed(0.42), inayopanga mwanzo wa namba za random(), katika kipindi hichohicho cha muunganisho.

Wa MySQL 8 watumie WITH RECURSIVE (hoja inayojirudia yenyewe) badala ya generate_series, ila wapandishe cte_max_recursion_depth, maana kawaida inakomea 1000.