Maswali na majibu: Reli ya Choshi na vitafunwa vyake

Wiki iliyopita tuliitaja reli ya Choshi, mkoani Chiba, mashariki mwa Tokyo. Maswali yamekuja mengi, tunajibu machache.

Ina urefu gani, na inakwenda wapi?

Kilomita 6.4, stesheni 10. Inaanzia Choshi, inapita jirani na kiwanda cha sosi ya soya, inakatiza mashamba ya kabichi, inaishia Tokawa penye bandari ya wavuvi. Ukibandika wali unapoondoka Choshi, utashuka Tokawa haujaiva.

Nimesikia iliwahi kung'olewa. Kweli?

Kweli kabisa. Reli ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1913 ili kuwapeleka watalii upande wa mnara wa taa wa Inubo. Haikulipa. Vita Kuu ya Kwanza ikapandisha bei ya chuma, na wenye mali wakaona reli ina faida zaidi ikiuzwa kama chuma kuliko ikibeba watu. Mwaka 1917 wakaifunga, vyuma vikauzwa. Wenyeji wakakaa bila treni hadi 1923, kampuni nyingine ilipotandika reli tena. Umeme ulifika 1925.

Kampuni ya treni inauza vitafunwa kwa nini?

Kwa sababu nauli haitoshi. Ilianza na taiyaki, keki zenye umbo la samaki, mwaka 1976. Mwaka 1995 ikaja nure-senbei: senbei ni kitafunwa cha mchele kinachochomwa hadi kikakauka, lakini hiki huchovywa kwenye sosi ya soya kingali cha moto, kikabaki laini na chenye unyevu. Choshi ni mji wa sosi ya soya tangu karne ya 17, kwa hiyo kiungo kipo mlangoni.

Kisha ukaja mwaka 2006. Aliyewahi kuwa mkuu wa kampuni alikamatwa kwa kufuja fedha za kampuni hiyo, na pesa za ukaguzi wa lazima wa treni hazikuwepo. Wafanyakazi wakaweka tangazo kwenye tovuti yao, bila kuremba: nunueni nure-senbei, tunahitaji pesa za kutengeneza treni. Oda zikafurika kutoka Japani nzima, na treni zikakaguliwa. Hadi leo vitafunwa vinaingiza fedha nyingi kuliko nauli. Mimi naiona ni kampuni ya vitafunwa iliyokataa kuachana na treni yake, na naipenda kwa hilo.

Mwaka 2018 waliongeza kingine, mazui-bo. *Mazui* kwa Kijapani ni "si kitamu", lakini pia "hali ni mbaya". Waliokuwa na hali mbaya ni wao wenyewe.

Treni zao ni mpya?

Mitumba! Baadhi zilianza kazi katika reli ya Keio ya Tokyo, zikauzwa Matsuyama, mji mwingine wa Japani, kisha zikafika Choshi. Kipo pia kichwa kidogo cha umeme, Deki 3, kilichoundwa Ujerumani mwaka 1922 na kuvuta makaa ya mawe kabla ya kuhamia Choshi 1941.

Majina ya stesheni nayo yanauzwa?

Majina ya utani, ndiyo, tangu 2015. Stesheni ya Kasagami-Kurohae ilinunuliwa na kampuni ya bidhaa za nywele, ikaitwa Kaminoke-Kurohae: matamshi yamegeuzwa kidogo tu, maana ikawa "nywele ziote nyeusi". Wenye vipara, tiketi zinapatikana.