Rivaroxaban inakaa wapi hasa

Dada umeuliza wanajuaje kama rivaroxaban, dawa ya kuzuia damu kuganda anayomeza mama hapo Moshi, inaingia kweli kwenye kimeng'enya cha kugandisha damu au ni maneno ya wauza dawa tu. Wanaona kabisa. Wanachukua kimeng'enya chenyewe, fakta Xa, wanakifanya kristali kikiwa kimeshikana na dawa halafu wanapiga eksirei, miale inavyotawanyika ndo kompyuta inatoa ramani ya atomu zilipokaa.

Sasa utamu uko hapa. Fakta Xa ina kishimo, wanakiita S1, na huko ndani kabisa kuna Asp189 (moja ya asidi amino zinazounda kimeng'enya) yenye chaji hasi, kwa hiyo molekuli nyingi za mwanzo zilipewa chaji chanya ili zinase pale, na zilinasa vizuri tu ila ukizimeza utumbo haupitishi, chaji inazikwamisha. Rivaroxaban haina hiyo chaji. Kwenye kristali unaiona klorini yake imeelekea Tyr228, asidi amino nyingine, kwenye sakafu ya kishimo, na ncha ya pili imelala kwenye kishimo kingine, S4, katikati ya Tyr99, Phe174 na Trp215. Ndo maana kidonge kinatosha, sindano ya nini.

Warfarin, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, ni habari tofauti, ile inazuia vitamini K isirudi kazini kule kwenye ini, ndo maana mboga za majani zinaivuruga na INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, haiishi kupimwa. Kwa hii rivaroxaban mama ale mnafu wake bila presha, ila kama ni zile za miligramu 15 au 20 ameze na chakula, tumbo tupu haiingii vizuri.