Nyama za paja zimechanika, nicheze fainali au nisicheze?

SWALI: Habari za kazi dokta. Mi ni mwanaume wa miaka 36, nacheza bonanza za veterani huku Tabata. Wiki mbili zilizopita nilikua nawahi mpira pembeni nikasikia "paa" nyuma ya paja la kulia nikadondoka hapohapo, jamaa wakanichua na maji ya moto, kesho yake paja likavilia damu mpaka karibu na goti. Saivi natembea fresh tu ila jumapili tuna fainali. Nikichoma sindano ya maumivu ya diklofenaki nikacheza hata kipindi kimoja kuna shida?

JIBU: Shida ipo kaka, tena kubwa. Kutembea bila maumivu sio kupona, maana kutembea hakuupi ule msuli kazi yoyote ya maana. Nyama za nyuma ya paja zinafanya kazi ngumu kuliko zote pale unapokimbia kwa spidi, mguu umeshatupwa mbele na unakaribia kukanyaga, hapo ndo zinavuta breki huku zinarefuka, na hapohapo ndo wengi wanachanika. Sasa ukichoma sindano unachozima ni kengele tu, moto bado unawaka, na waliochanika mara ya kwanza ndo hao hao wanaochanika tena, hasa wiki za mwanzo baada ya kurudi. Muulize mpenzi yeyote wa Liverpool wa zamani kuhusu mshambuliaji wao Michael Owen, alichanika nyama hizohizo Aprili 1999 dhidi ya Leeds akiwa na miaka 19, na mwenyewe ameshasema hakurudi tena kua yule wa mwanzo.

Hayo maji ya moto nayo... jamani. Siku mbili tatu za kwanza ndani kunavuja damu, ukichua na kuunguza unaongeza. Siku hizo ni barafu ndani ya kitambaa dakika 15 hivi, bandeji, mguu juu, basi.

Kwa ulivyoeleza, huo mlio na damu kuvilia kiasi hicho, kwanza nenda ukapimwe, ikibidi upigwe ultrasaundi. Kama msuli umeng'oka juu karibu na mfupa wa kukalia unaweza ukahitaji upasuaji, na hilo halingoji miezi. Kama umechanika sehemu tu, mara nyingi ni wiki nne mpaka nane, na kulala kitandani sio dawa, dawa ni kuupa msuli kazi kidogokidogo.

Fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi, ataanza na vitu vyepesi. Unalala chali, goti umekunja, unakandamiza kisigino kwenye godoro unahesabu mpaka 10. Ukizoea unainua makalio kwa miguu miwili, baadae mmoja. Halafu lile ninalolipenda mimi, vaa soksi kwenye sakafu ya tailisi, inua makalio, acha visigino viteleze mbele polepole, hapo unaufundisha msuli kuvuta breki. Maumivu kidogo sio mbaya ila kesho asubuhi yawe yameisha, yasipoisha punguza. Baada ya hapo ndo jogingi, kisha spidi ya kupanda taratibu. Uwanjani unarudi pale mguu huo una nguvu sawa na mwenzie, ukibonyeza hauumi na umeshapiga spirinti kadhaa za nguvu zote bila kuuwaza. Tarehe ya fainali haihusiki hapo.

SWALI: Dokta, fizio kila wiki ni hela nyingi, siwezi kufanyia nyumbani? (Mama wawili, Nakuru)

JIBU: Unaweza dada, tena kazi yenyewe inafanyikia nyumbani. Nenda mara ya kwanza upimwe na uonyeshwe mazoezi, mwambie fizio wazi hali ya mfuko akupangie ya wiki mbili tatu ndo urudi. Ila kama ni kigimbi kimevimba, kina moto na kinauma bila ya kuumia popote, usifanye zoezi lolote, wahi hospitali siku hiyohiyo, inaweza ikawa damu imeganda kwenye mshipa.