Korosho haimfuati mama: majibu ya maswali yenu kabla ya masika

Masika yanakaribia, na maswali niliyoletewa safari hii karibu yote ni ya miti ya kokwa. Nimeanza na lile lililoniuma zaidi.

*Bwana shamba, shikamoo. Nilichukua korosho nono za mti unaosifika hapa Gede nikapanda kumi na mbili. Huu ni mwaka wa sita. Mitatu inazaa vizuri, miwili haijazaa kabisa, na iliyobaki inatoa korosho ndogo ndogo. Nilikosea wapi?*

Marahaba, mama. Mti ulichagua vyema, ila ulimwona mama peke yake. Ua la mkorosho huletewa chavua na nyuki, nzi na chungu kutoka miti ya jirani, kwa hiyo kila korosho unayoifukia ina baba usiyemjua. Na mama akiwa chotara ndiyo kabisa: sifa alizozikusanya kutoka pande mbili hutawanyika tena kwa watoto, kila mche ukaokota zake. Ukiutaka mti ule ule, chukua kijiti chake ukipandikize.

Mimi hufanya hivi. Mche wa kupokea huwa na wiki sita hadi nane, unene wa penseli. Kwenye mti mama natafuta tawi changa linalopigwa na jua, ncha yake imevimba lakini haijafunguka. Nalikata majani siku saba hadi kumi kabla, nikiacha vikonyo. Siku nikivigusa kwa kidole vikadondoka vyenyewe, najua kijiti kiko tayari. Asubuhi mapema nakata kichwa cha mche, napasua katikati kama sentimita 3, nachonga kijiti pande mbili kama kabari, nakichomeka mpaka ganda lake likutane na ganda la mche, walau upande mmoja. Hapo ndipo wengi hupotea: ganda likilala juu ya mti wa ndani, haliungi. Kisha nafunga kwa utepe wa nailoni na kukaza, naweka kivulini. Wembe uwe mkali na safi, na kijiti kilichochongwa kisikae mkononi ukipiga soga, maana utomvu hukauka mara moja.

Ile mitatu yako mizuri ni mali, mama. Itie alama. Msimu ujao hesabu korosho za kila mti kwenye kilo moja; zikizidi 200, hizo ni ndogo, usiuchukulie vijiti. Ile miwili isiyozaa usiing'oe, mizizi yake imeshashika chini. Ikate kimo cha goti karibu na mvua, iache ichipue, chagua machipukizi mawili matatu yenye nguvu uyapandikize vijiti vya ile mizuri.

*Nimeuziwa miche barabarani nikaambiwa ni ya kupandikizwa. Nitajuaje? (Msomaji wa Witu)*

Inama utafute kovu. Juu kidogo ya udongo kuna mahali shina limevimba au limepinda, na aghalabu rangi ya ganda hubadilika hapo. Shina likiwa laini moja kwa moja hadi juu, huo ni mche wa mbegu. Nilishawahi kununua miche thelathini kwa muuzaji wa njiani bila kuinama, na nilipogundua nilikuwa nimeipalilia miaka minne. Muulize pia vijiti vilitoka mti gani; anayejua kazi yake atakutajia. Kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, cha Mtwapa hushughulikia mikorosho, waulize wao kabla ya kutoa pesa.

*Kaka yangu yuko Marekani. Ameniambia kuna watu huko wanapanda mialoni chotara, ile miti iitwayo oak, ili wavune matunda yake. Aniletee mbegu nipande shambani kwetu kijijini Hindi? (Kijana wa Lamu)*

Hapana, mwanangu, ingawa napenda unavyotafuta. Mwaloni unaopandwa huko umezoea baridi ya miezi kadhaa. Ndiyo inayoulaza na kuuamsha. Lamu hakuna kitu hicho. Tunda lake, lile lenye kikombe kichwani, lina tanini nyingi, yaani ukakasi, na ni chungu. Wakorea huliponda, huloweka unga wake na kumwaga maji tena na tena, kisha hupika kitu kama faluda. Hispania huwaachia nguruwe. Mbegu yenyewe ikikauka imekufa, na kuingiza mbegu nchini bila kibali cha KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea, ni kosa.

Lakini wanachokitafuta wale watu kwa uchotara ndicho tunachokitafuta sisi. Mialoni iko makundi: ile inayoitwa myeupe huivisha tunda msimu mmoja, na mingi ya ile miekundu huchukua misimu miwili. Myeupe huzaliana na myeupe, miekundu na miekundu. Halafu mwaloni una tabia ya kujaa mwaka mmoja na kunyamaza mwaka mwingine, kwa hiyo wao husaka chotara linalozaa mapema, kila mwaka, tunda kubwa lisilo chungu sana. Na wao hukutana na shida ya yule mama wa Gede: panda tunda la chotara, upate mti mwingine kabisa. Mkorosho nao ni mgeni, uliletwa na Wareno kutoka Brazil karne ya 16, ila ulikuta huku joto na mchanga kama wa kwao. Panda huo.

*Maua ya mikorosho yangu hukauka, meupe kama yamemwagiwa unga. (Magarini)*

Huo ni ubwiriunga, ukungu unaopenda usiku wa baridi na umande wa wakati wa kusi. Salfa ya unga huuzuia, lakini anza maua yanapochungulia tu, ukingoja yameshakauka umechelewa. Nyunyiza alfajiri upepo umelala, ukiwa umefunika pua na mdomo. Kabla ya msimu wa maua punguza matawi ya ndani na maotea ya chini hewa ipite. Na wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota usiwachome moto. Najua wanauma, lakini wanakula wadudu wanaofyonza machipukizi na kokwa changa.

*Nafasi kati ya mti na mti?*

Mita 12 kila upande. Miaka ya mwanzo panda kunde au mihogo katikati.

*Watoto wangu walibanja korosho mbichi, mikono ikababuka.*

Pole sana. Ganda lina mafuta makali yanayochoma, na hata moshi wa kuzikaanga hubabua uso. Waoshe kwa sabuni na maji mengi. Yakiingia machoni suuza na uende hospitali siku hiyo hiyo. Siku nyingine kaanga nje, simama upepo unakotokea, zizungushe kwenye jivu ili jivu linywe mafuta, na anayebanja apake mafuta ya nazi viganjani. Watoto wapewe zilizokwisha menywa.