Ukitaka kutafiti virusi vya homa ya ini, omba kwanza uoneshwe friza

Vijana wanaosomea sayansi ya virusi huniuliza mara kwa mara waende maabara ipi. Wengi huvutiwa na mashine mpya. Mimi nimefanya utafiti wa virusi vya homa ya ini miaka mingi, na ushauri wangu ni huu: kabla hujakubali nafasi yoyote, omba uoneshwe friza linalotunza sampuli za damu, na daftari lake.

Kirusi cha homa ya ini C kisingethibitishwa upesi bila friza. Kufikia mwaka 1975 ilishabainika kwamba wagonjwa wengi waliopata homa ya ini baada ya kuongezewa damu hawakuwa na kirusi A wala B. Harvey Alter, huko Marekani, alitunza sampuli zao miaka nenda miaka rudi ilhali kirusi chenyewe hakijulikani. Kikundi cha Michael Houghton kilipokitambua mwaka 1989, damu zile zilikuwepo, zimefichwa utambulisho kwa namba, tayari kuonesha kama kipimo kipya kinasema kweli. Kilisema kweli. Mwaka 2020 wawili hao walipata Tuzo ya Nobel pamoja na Charles Rice.

Virusi hivi vinataka mtu mvumilivu. Kukuza kirusi C kikamilifu kwenye seli maabarani kuliwezekana mwaka 2005 tu. Mlango ambao kirusi B hupitia kuingia kwenye seli ya ini ulijulikana 2012, ilhali Baruch Blumberg na wenzake walikuwa wameeleza antijeni yake, yaani protini yake inayotambuliwa na kinga ya mwili, tangu 1965. Kwa hiyo chagua swali ambalo hutalichoka, kwa maana vifaa vitabadilika mikononi mwako mara nyingi kabla jibu halijapatikana.

Kazi ya kila siku ni ya mikono. Damu ikifika, nagawanya plazma, yaani majimaji ya damu, kwenye vichupa vidogo vidogo ili nikihitaji kidogo nisiyeyushe yote. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara huharibu RNA, yaani vinasaba vya virusi kama C. Kwenye kila kichupa naandika, kwa wino usiotoka kwenye baridi, namba, tarehe na saa ya kugandishwa. Kikiyeyushwa, nachora kistari. Atakayekishika baadaye atajua papo hapo kama kinafaa.

Na kabla ya kugusa chochote, chanjwa dhidi ya homa ya ini B, kisha pima kingamwili zako zifike angalau uniti 10 kwa lita. Tone la damu lililokauka mezani, hata lisiloonekana, linaweza kubeba kirusi B hai kwa siku 7 au zaidi. Kwa kirusi C chanjo haipo kabisa, kwa hiyo glovu na nidhamu ndiyo kinga.

Ukiniuliza ushike kirusi kipi, nitasema B. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 254 walikuwa wakiishi nacho mwaka 2022. Herufi zake za kinasaba ni kama 3,200 tu, kidogo mno kwa kirusi, lakini huacha duara la DNA ndani ya kiini cha seli ya ini, na dawa kama tenofovir hukituliza bila kuling'oa duara hilo. Hapo ndipo akili changa zinahitajika. Kirusi C kinatibika kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12 kwa zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa, ingawa aliyepona anaweza kuambukizwa tena. Kirusi D, kisichoweza kuenea bila B, kimesahauliwa mno.

Kaa pia kliniki, usikilize. Mama mjamzito aliniuliza kama atamwambukiza mwanawe. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa kubaki na kirusi maisha yote ni kama asilimia 90. Kwa mtu mzima ni chini ya asilimia 5. Chanjo ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa hubadilisha hesabu hiyo. Tangu siku ile swali lake liko mbele yangu kila ninapopanga jaribio.

Ukishaoneshwa friza, uliza pia fomu ya ridhaa inasema nini. Kama wagonjwa waliridhia utafiti mmoja tu, sampuli zao hazitatumika kwa swali jipya mpaka kamati ya maadili iamue, na pengine itabidi wagonjwa wenyewe watafutwe upya. Isome fomu hiyo kabla hujasaini mkataba wako.