Taya la mdogo wangu limevunjika, tuuze kiwanja?

SWALI: Shikamoo dokta. Mdogo wangu anaendesha bodaboda hapa Morogoro, wiki mbili zilizopita aligongana na Noah akaangukia uso, taya la chini likavunjika sehemu mbili. Hospitali wamemfunga meno kwa waya, anakula kwa mrija tu na amekonda mpaka mama analia. Sasa ndugu yetu mmoja katuma klipu kwenye grupu la familia, eti kuna sindano za seli shina mfupa unaunga fasta, ila ni mamilioni na mpaka usafiri nje. Baba kashaanza kutafuta mteja wa kiwanja. Ni kweli au tunaibiwa? (Dada mtu, Morogoro)

JIBU: Marahaba dada yangu, na poleni sana. Kabla hujaendelea kusoma mpigie baba, mwambie kiwanja kisiuzwe.

Seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, zipo kweli, sio uongo, tena mdogo wako anazo tayari mwilini. Zinakaa kwenye uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mfupa, na kwenye ule utando mwembamba unaofunika mfupa, mfupa ukivunjika zinaamka, zinajazana pale penye ufa na kugeuka seli za kujenga mfupa mpya. Hili halijaanza kujulikana juzi, tangu miaka ya 1960 mtafiti wa Kisovieti Alexander Friedenstein alishaanza kuonyesha kwamba uboho una seli zinazoweza kutengeneza mfupa. Kwahiyo zile waya mnazoziona kama mateso kazi yake ni kuzitulizia hizo seli mahali pa kazi, maana mfupa ukichezacheza zinaishia kutengeneza kovu na gegedu (kitu laini kama cha sikio) badala ya mfupa. Taya la kijana mwenye afya likitulia mara nyingi linashika ndani ya wiki 4 hadi 6, na yeye wiki mbili kashazimaliza.

Sasa hiyo sindano. Mwaka 2017 madaktari wa Mexico walitoa ripoti ya wagonjwa 20 waliovunjika taya, nusu yao waliwekewa seli shina zilizotolewa kwenye mafuta ya miili yao wenyewe, na baada ya wiki 12 picha zilionyesha mfupa wao umejaa zaidi kuliko wa wenzao. Nilivyosoma nilifurahi kabisa, ila watu 20 hata Coaster haijai, huwezi kumwambia mzee auze kiwanja kwa ushahidi wa namna hiyo, na anayekuuzia kama dawa iliyokamilika hakutendei haki.

Mimi matumaini yangu kwa seli shina yako kwa mgonjwa ambaye mfupa wenyewe haupo tena, kipande kizima kimeondoka kwa risasi au uvimbe, hapo hata ukifunga waya mwaka mzima hakuna cha kuunga. Kule Kiel, Ujerumani, mwaka 2004 walitoa taarifa ya mzee aliyekatwa taya kwa sababu ya kansa akaishi miaka anakula vitu laini na supu tu. Walitengeneza kikapu cha titaniamu chenye umbo la taya, wakajaza vipande vya madini ya mfupa wa ng'ombe, protini ya kukuza mfupa na uboho wake mwenyewe, wakakipandikiza ndani ya msuli wa mgongo wake wiki 7 mfupa ukaota humo, ndo wakakihamishia mdomoni. Akaja kula mkate na soseji. Mdogo wako hayuko huko, yeye vipande vyake vyote vipo.

Hela mliyonayo iende jikoni. Uji wa lishe wenye maziwa na karanga zilizosagwa laini sana, supu ya samaki iliyochujwa, parachichi na maziwa kwenye blenda, ale mara sita kwa siku maana kwa mrija hashibi haraka. Asukutue maji ya vuguvugu yenye chumvi kila akila, uchafu mdomoni ndo unaoleta usaha kwenye ufa. Kama anavuta sigara aache, sigara inabana mishipa ya damu na seli zinakosa chakula. Halafu muulizeni daktari wake, akitapika usiku waya zinakatwaje na kwa kifaa gani, hicho kifaa kikae karibu na kitanda. Familia nyingi naona zinaruhusiwa kwenda nyumbani bila kuambiwa hili na linaniuma, maana mtu anaweza kupaliwa na matapishi yake mwenyewe. Akipata homa, usaha, au akisikia taya linacheza, mrudisheni siku hiyohiyo msisubiri kliniki.

SWALI: Dokta, nimesikia meno ya utotoni yana seli shina. Ya mwanangu nayatunza kwenye friji, yatamsaidia akivunjika baadaye? (Mama Nasra, Tanga)

JIBU: Umesikia sawa mama Nasra. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani, akiwemo Songtao Shi, walionyesha kwamba nyama laini ndani ya jino la maziwa ina seli shina. Lakini seli hizo ziko hai na friji ya nyumbani haiwezi kuzitunza, zinatakiwa kutolewa kwenye jino kule maabara likiwa bado bichi halafu zigandishwe kwa naitrojeni ya kimiminika, gesi iliyopozwa mpaka ikawa kama maji, kwenye baridi ya chini ya nyuzi 150 hasi. Hayo uliyonayo yaweke kwenye kasha kama kumbukumbu ya mtoto, friji weka samaki.